Insha juu ya Kitabu, na Habari ya Mzee Kitereza wa Ukerewe

Mzazi aliye na mtoto katika shule ya sekondari huenda amepata kumwona usiku ameinama penye taa, akiandika kurasa nyingi juu ya kitabu cha hadithi. Akimwuliza, huambiwa, "Baba, hii ni insha ya uhakiki." Wazazi wengine husikia neno hilo wakanyamaza, na wengine hudhani ni mchezo tu, kwa kuwa hesabu na kilimo vina faida ionekanayo kwa macho, bali kuandika juu ya hadithi ya mtu mwingine kuna faida gani? Kwa hiyo leo twataka kueleza kazi hii ni nini, imepitia njia gani katika mwambao wetu wa ziwa, na jinsi ipasavyo kufanywa. Wala hatusemi kama watu wasiopata kukosa. Sisi wenyewe tulikosa, na kosa letu ndilo lililotufundisha.

Mwaka mmoja tulitamani darasa letu lisome kitabu cha Mzee Aniceti Kitereza, kiitwacho "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali". Hakikuwa kitabu cha mtihani, lakini ni kitabu cha kwetu, nasi tuliona haya kwamba vijana wa Mwanza na visiwani wasikijue. Shule ilikuwa na nakala moja tu, na kitabu ni kinene. Basi tukafanya kama wafanyavyo walimu wengi: tukaandika muhtasari ubaoni, nao wakanakili. Tuliuandika kwa haraka, kwa kutegemea kumbukumbu ya miaka ya nyuma, tukasema kwamba Myombekere alimfukuza mkewe kwa sababu hakumzalia mtoto.

Juma lililofuata insha zikaletwa. Karibu zote zilisema neno lile lile: Myombekere alimfukuza mkewe. Nyingine zilikuwa na mwandiko mzuri mno, nasi tukazitia alama za juu. Insha moja tu ilisema vingine. Ilisema kwamba mume hakumfukuza mkewe. Ndugu zake mume ndio waliomtukana yule mama kwa kutozaa, na wazazi wake Bugonoka kwa uchungu wakaja wakamchukua binti yao kumrudisha kwao. Tukaikata kwa wino mwekundu, tukaandika pembeni: "Soma vizuri."

Kesho yake msichana aliyeiandika akaja penye chumba cha walimu. Akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaweka kile kitabu mezani, akafungua ukurasa, akatia kidole chake mahali pake, asiseme neno. Tukasoma. Naam, ndivyo ilivyo. Kumbe alikuwa amekiazima kitabu akakisoma siku zile, na sisi ndio tuliopaswa kuandikiwa "Soma vizuri."

Tangu siku ile tumejiuliza: Yawezekanaje darasa zima likashuhudia jambo lisilo kweli, tena wote kwa maneno mamoja, wasione hatari? Jibu tumeliona katika historia ya shule zetu.

Shule za kwanza katika mwambao huu zilikuwa shule za misioni. Wamisionari wa Kiingereza walitua Kageye mwaka 1877, na baada yao wakafika Mapadre Weupe, ambao mwaka 1883 walifungua misioni ya Bukumbi, kusini ya mji wa Mwanza. Kisha misioni zikaenea, hata Kagunguli katika Ukerewe. Babu zetu walijifunza kusoma ili wapate kuijua dini, na katekisimu ilifundishwa kwa swali na jibu, jibu likakaririwa neno kwa neno. Njia hiyo ilifaa kwa kazi yake. Mafundisho ya imani hayakutungwa na mwanafunzi, basi hana ruhusa ya kuyageuza apendavyo. Akiyashika moyoni, hata kitabu kikipotea, hayapotei.

Lakini kila chombo kina kazi yake. Jembe ni chema, walakini huwezi kulitumia badala ya kasia. Sisi walimu tulichukua njia ya kukariri tukaitia katika somo ambalo halina jibu moja lililowekwa tangu zamani. Mwanafunzi akiulizwa juu ya hadithi, hutafuta jibu la kukariri, akilipata katika daftari la mwenzake au katika vijitabu vya maswali na majibu, hudhani kazi imekwisha. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Nne umemtaka mtahiniwa atoe hoja, labda tatu kutoka katika kila kitabu, na kuzithibitisha kwa vitabu alivyovisoma. Neno kubwa hapo ni "alivyovisoma". Wengi wanazijua hoja zenyewe, wala hawajavifungua vitabu.

Sasa tutazame habari za huyo mzee, maana atatuonyesha kwa nini jambo hili si dogo.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika Ukerewe. Alisoma kwa Mapadre Weupe Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa, huko akajifunza na Kilatini. Hakuwa padre, alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi mbalimbali, na miaka mingi aliitumikia misioni. Naye aliona ya kuwa desturi na lugha ya Wakerewe vinaondoka pamoja na wazee: jinsi ya kulima na kuvua, kuposa, kutibu wagonjwa, kuzika. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, alimhimiza ayaandike. Kitereza hakuandika orodha ya desturi. Alitunga hadithi ya mume na mke wapendanao waliokosa mtoto, na ndani ya maisha yao akaiweka nchi nzima, ili asomaye aione ikitembea. Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, wala hakupatikana mtu wa kukichapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja Ukerewe Mmarekani mmoja mwanahistoria, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, wakaonana na Kitereza, wakajua habari ya kitabu. Wakamshauri akigeuze kwa Kiswahili kipate wasomaji wengi. Naye, mzee wa miaka zaidi ya 70, akaketi akaifanya kazi hiyo mwenyewe. Mwaka 1980 kampuni ya Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa. Mwaka uliofuata, 1981, Mzee Kitereza akafariki. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine aliyezaliwa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka katika Kikerewe chenyewe.

Basi hesabuni: tangu 1945 hata 1980 ni miaka 35. Mtu aliandika, akangoja miaka 35 apate msomaji. Na sisi, katika darasa lililo ng'ambo tu ya maji kutoka kisiwani kwake, tulimwandikia insha bila kumsoma, tena tukamsingizia Myombekere wake neno asilolifanya. Hapo ndipo tulipoona kwamba insha mbaya ina dhambi yake, nayo ni ushahidi wa uongo. Mwandishi amekwisha kufa, hawezi kuja shuleni kujitetea. Mtetezi wake ni msomaji tu, yule atakayefungua ukurasa na kutia kidole.

Katika kisiwa hicho hicho alitoka na mtu wa pili wa kutufundisha. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi hapa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 alitoa "Rosa Mistika", hadithi ya msichana wa Ukerewe anayelelewa na baba mkali mno, kisha akaenda shuleni na kupotea. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda, na baadaye kikaja kusomwa mashuleni. Wako hata leo wanaokihukumu kwa kusikia tu. Sisi hatusemi kila kitabu kinafaa kwa kila umri. Mwalimu na mzazi wana wajibu wa kuchagua. Twasema hivi: mwandishi kuonyesha dhambi si kuisifu. Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuficha habari ya Daudi na mke wa Uria. Anayetaka kukihukumu kitabu, na akisome kwanza, aone anguko la Rosa limeelezwa kuwa limetokana na nini, na baba yake Zakaria amewekwa wapi katika habari hiyo.

Tena Kezilahabi alikuwa mtunzi na mhakiki pia. Mwaka 1974 alitoa "Kichomi", mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ubishi mkubwa ukatokea kati ya washairi wa jadi na wale wa njia mpya. Mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikamilisha uchunguzi wake juu ya maandishi ya Shaaban Robert, mtunzi aliyemtangulia. Jambo hili na litazamwe na vijana: mtu aliyeanza njia mpya aliketi akayachunguza kwa bidii maandishi ya mzee wake. Alifariki Januari 2020.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kijana, ukipewa kuandika insha juu ya kitabu, jihesabu kama mtu aliyeitwa barazani kuamua shauri. Mzee mwema wa baraza hafanyi haraka. Husikiliza habari yote, hujua ni neno gani linaloulizwa, huita mashahidi, husikia upande wa pili, ndipo hutoa hukumu. Insha ina mambo hayo hayo.

Kwanza, soma kitabu chenyewe, na ikiwezekana mara mbili. Mara ya kwanza soma upate kuijua habari. Mara ya pili soma na penseli, uandike katika daftari ukurasa wa kila jambo lililokugusa au lililokushangaza. Muhtasari wa mwalimu ni kama mtu akuelekezaye njia, haukutembelei safari.

Pili, lisome swali mpaka ulifahamu. "Simulia" ni kitu kimoja, na "jadili" ni kingine. Wanafunzi wengi wakiulizwa juu ya dhamira au tabia ya mhusika, husimulia hadithi tangu mwanzo hata mwisho. Mwalimu anaijua hadithi. Anataka kujua wewe umeona nini ndani yake.

Tatu, tafuta neno moja utakalolisimamia katika insha yote, uliweke mapema katika utangulizi. Neno hilo liwe ambalo mtu mwenye akili aweza kulikataa. Ukisema "kitabu hiki kina mafunzo mengi", nani atakataa? Basi hujasema kitu.

Nne, lete ushahidi. Kwa kila hoja, sema ni nani aliyetenda, alitenda nini, wakati gani katika hadithi, kisha eleza tendo hilo laonyesha nini. Hapa wengi huangukia. Tutoe mfano. Swali lauliza: Je, mapenzi ya Myombekere kwa mkewe ni ya kweli? Mwanafunzi mmoja aliandika, "Myombekere alimpenda sana mkewe. Mapenzi ni jambo jema katika jamii. Yatupasa sote kupendana." Maneno hayo ni mema, lakini yangeweza kuandikwa juu ya kitabu cho chote duniani.

Sasa tazama mwingine: "Mwandishi anayaonyesha mapenzi ya Myombekere kwa taabu aliyokubali, kuliko kwa maneno matamu. Ndugu zake wanapomsukuma aoe mke mwingine, yeye anafunga safari kwenda kwa wakwe kumwomba mke yule yule. Wakwe wanapomtoza pombe ya ndizi, hakatai wala hakasiriki akaacha, bali anarudi kuihangaikia. Mtu asiyependa angeona ni nafuu kuoa mwingine." Huyu amesema neno lake, ameleta mashahidi wawili kutoka ndani ya kitabu, kisha ameeleza mashahidi hao wanathibitisha nini. Wala kutaja pombe si kuisifu. Ndiyo iliyokuwa faini ya nchi katika hadithi ile, naye ameitaja kwa sababu bila hiyo ushahidi haukamiliki.

Tano, sikia upande wa pili. Katika mfano wetu, mtu aweza kuuliza: Kama Myombekere alimpenda mkewe, mbona matukano ya nduguze yaliendelea hata wazazi wa mke wakaja kumchukua? Swali hili ni la haki. Mwanafunzi mwoga hulificha. Mwanafunzi hodari hulitaja mwenyewe, akalijibu. Labda atasema kwamba mapenzi yalikuwapo, ila ujasiri wa kusimama mbele ya ndugu ulichelewa, na safari ya kwenda kwa wakwe ndiyo toba yake. Labda atajibu vingine. Hatutamkata kwa wino mwekundu, mradi aonyeshe mahali alipoliona.

Sita, katika kumaliza usirudie yote uliyokwisha kusema. Sema neno moja ulilolithibitisha, na kwa nini lina maana kwa asomaye. Na katika insha yote tumia majina ya somo, yaani dhamira, wahusika, mandhari, muundo, mtindo, pale tu yanapokusaidia kueleza. Yako kama vyombo vya seremala: hatuvitundiki mlangoni ili watu watusifu, twavitumia kutengeneza kiti.

Mzazi ambaye hakusoma sekondari atasema, "Haya yananihusu nini?" Yanakuhusu sana, maana waweza kumsaidia mtoto wako bila kukijua kitabu. Mwulize maneno matatu tu. La kwanza: "Neno lako ni lipi?" La pili: "Umeliona wapi katika kitabu? Nisomee." La tatu: "Mtu akikupinga atasema nini?" Akishindwa la pili, ujue hakusoma. Usimpige wala usimtukane. Mwambie arudi kitabuni, kisha umngojee akusomee. Tena, kama kitabu ni cha watu wetu, mweleze uyajuayo. Mambo mengine ya kitabu cha Kitereza bibi na babu wa Ukerewe wanayajua kuliko mwalimu.

Faida yake ni nini? Mtoto aliyezoea kusema "nimeliona hapa" kabla ya kusema "ndivyo ilivyo" hatadanganyika upesi. Ataletewa maneno ya jirani, atauliza shahidi. Ataletewa karatasi ya kutia sahihi juu ya shamba la baba yake, ataisoma yote kwanza. Ataletewa mafundisho mageni juu ya dini, naye atafanya kama wale watu wa Beroya katika kitabu cha Matendo ya Mitume, waliosifiwa kwa kuwa waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo waliyoambiwa ndivyo yalivyo. Wale hawakuhesabiwa wakaidi kwa kuchunguza, walihesabiwa waungwana.

Tumalizie kwa habari ya darasa letu. Siku ile ile tulirudi tukasimama mbele ya wanafunzi, tukawaambia kwamba tulikosa katika muhtasari, na kwamba mwenzao mmoja alisema kweli. Tukaifuta alama ya insha yake tukatia inayostahili, na wengine tukawarudishia insha zao waziandike upya. Palikuwa na manung'uniko, maana walisema, "Mwalimu, sisi tuliandika uliyotupa." Nao walisema kweli, na neno hilo lilituchoma kuliko lote.

Kwa kuwa nakala ilikuwa moja tu, tulianza kusoma kwa sauti, kila siku dakika chache kabla ya kwenda nyumbani, mwanafunzi mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Msichana yule alipewa kusoma wa kwanza. Tulipofika pale wazazi wa Bugonoka wanapokuja kumchukua, darasa lote likageuka kututazama. Hatukuwa na la kusema, tukamwambia aendelee kusoma.